Siku tisa Mafia na magogo ya Hidaya

Kabla ya safari

Mimi ni mchonga vinyago, nipo Mwenge pale Dar, kazi nimeirithi kwa babu yangu aliyevuka Ruvuma akitokea Mueda enzi za Mreno, mkononi ana tezo moja na patasi mbili. Maisha yangu yote ni mpingo. Sasa tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado kule Msumbiji, ndiko iliko Mueda, wiki sita tu baada ya Idai kuimaliza Beira, ndugu zetu wa upande ule walibaki bila paa na sisi huku tukawa tunatumiana picha kwenye simu na kusema pole, basi ikaishia hapo, sikufanya kitu na kwakweli jambo hilo limenikaa rohoni miaka mitano.

Ndio maana Hidaya, kimbunga kingine, ilipokuja sikutaka tena kuwa mtu wa kuangalia picha. TMA, watu wa hali ya hewa, walitangaza mapema, boti zikasimama, na usiku wa Jumamosi tarehe 4 Mei 2024 ikafika Mafia na nguvu ikaanza kuishia hapo hapo. Dar tulipata upepo na mvua. Kusini barabara ya Lindi ilikatika kule Somanga, magari yakalala njiani siku kadhaa. Mwenzetu mmoja pale Mwenge dada yake kaolewa Mafia, akatuma picha za shamba, minazi imelala yote imeelekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Niliiangalia ile picha muda mrefu, mchongaji akiona gogo anaona kazi, huo ndio ukweli. Tukaitana watu sita kwenye grupu letu la wasap, tukachangishana nauli na hela ya kukodi chenso, yaani msumeno wa mashine, mpango ukawa twende tukachonge ile miti iliyoanguka, nusu ya vitu vibaki kwa watu wenyewe na nusu tuje tuuze huku hela irudi kununua bati.

Siku ya 1, Jumatatu 3 Juni

Tumeondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri, sita sisi, mabegi ya nguo madogo na mabegi ya vifaa makubwa. Mkuranga, Kimanzichana, halafu Bungu tukaiacha lami tukashika njia ya Nyamisati, mvua za masika zilikuwa zimeichimba barabara, gari linaenda kama ngalawa. Nyamisati unapandia boti kwenye mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, maji ya kahawia yametulia unadhani safari yote itakuwa hivyo, ukitoka tu nje kusi inakupokea. Wawili kati yetu walitapika njia nzima. Mimi nilikaa nyuma nimekumbatia begi la patasi maana nilizinoa wiki nzima na sikutaka ziguse maji ya chumvi.

Kilindoni tumefika jioni. Kwenye gati tu unaona, paa nyingine zina bati jipya linang'aa katikati ya bati kuukuu, nyingine turubai, na minazi isiyo na vichwa imesimama kama nguzo za umeme. Shemeji wa mwenzetu katupokea na pikipiki tatu za kubeba mizigo. Tumekula wali na samaki tumelala.

Siku ya 2, Jumanne

Kijiji tulichofikia kiko njia ya Kirongwe. Asubuhi tumekwenda ofisi ya kijiji, tukajitambulisha, tukaeleza shida iliyotuleta, mwenyekiti akasikiliza vizuri akatuandikia barua na akampigia bwana misitu wa wilaya, mambo ya karatasi yakaenda bila tatizo. Akatuambia zungukeni, miti iliyolala ni mingi mtachagua.

Na hapa ndipo tulipokosea. Tumepita kwenye shamba moja kando ya njia kuna mnazi mrefu umelala, umenyooka, mnene, kijana wa chenso akasema huu huu, akawasha mashine. Hata hajaugusa, akatoka bibi mmoja nyumbani, kanga kajitanda, hakupiga kelele, akasimama tu mbele ya gogo. Chenso ikazimwa. Tukamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba, halafu akasema, "Wajukuu zangu, mti huu una mwenyewe. Kuanguka umeanguka, kutupwa sijautupa."

Aisee nilijisikia vibaya. Barua ya mwenyekiti nilikuwa nayo mfukoni na nikaona haina maana yoyote mbele ya yule bibi. Tukakaa chini kwenye mkeka wake akatuhadithia, ule mnazi aliupanda alipojifungua mtoto wake wa kwanza, ndio uliosomesha, nazi zake ziliuzwa daftari zikanunuliwa, na kwenye shamba lake ilikuwa minazi kumi na moja imebaki minne. Wajukuu zake wakaanza kutuonyesha makovu ya kwenye shina. Mnazi unatoa jani kama moja kila mwezi, jani likidondoka linaacha alama kama pete, kwahiyo ukihesabu pete unapata umri, kumi na mbili kumi na tatu kwa mwaka. Watoto wakahesabu kwa sauti kuanzia chini, walifika mia tatu na kitu wakaanza kubishana wakarudia upya, wakapoteza tena. Mimi niliweka kiganja kwenye kovu moja nikawaza kwamba huu hapa ni mwezi mmoja wa maisha ya huyu mama, na sisi tulikuja kuwasha mashine bila hata hodi.

Nataka hili liandikwe kwa sababu nimeona watu wengi wenye nia nzuri wanaingia sehemu yenye maafa na kuziita mali za watu takataka. Gogo lililolala kwenye shamba la mtu ni mali yake, na yule mtu wa mnazi amefiwa na mapato ya miaka mingi ijayo maana mnazi mrefu ukiupanda leo utasubiri miaka sita saba ndio uanze kuzaa. Tokea siku hiyo tulikubaliana hatugusi mti mpaka mwenyewe aseme ndio na aseme anataka nini kitoke humo.

Bibi alisema ndio jioni. Alichotaka ni vitu viwili, mbuzi ya kukunia nazi maana yake ilivunjika ukuta ulipoanguka, na kigoda cha kukalia kitoke kwenye mnazi ule ule.

Siku ya 3, Jumatano

Tumeupasua mnazi wa bibi. Ambaye hajawahi kufanya kazi na mnazi nimwelezee kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe wa mpingo nilikuwa kama mwanafunzi. Mpingo uzuri wake uko katikati, kile cheusi cha ndani, nje ni gome na ngozi ya rangi ya maziwa unaitoa unaitupa. Mnazi ni kinyume chake. Nje ndio kwenye mbao, kahawia nzito yenye vistari vyeusi vimelala kama mvua, kugumu kunakula meno ya msumeno. Ukiingia ndani unakuta uboho, umelowa, laini, unafanana na muwa uliotafunwa, na harufu yake ni ile ya tembo la mnazi linaloanza kuchacha. Uboho hauchongeki, patasi inazama tu. Pia hauna matawi kwahiyo hauna vifundo kabisa, hilo ni zuri, lakini nyuzi zake zikikuingia kwenye kidole utazitafuta usiku na tochi.

Tumenoa mnyororo wa chenso mara nne kwa gogo moja.

Mchana akaja bwana kilimo na pikipiki yake, akakuta tumeweka uboho pembeni kwenye lundo akatuambia msiuache hapo uchomeni, na hapa ndio nikajifunza kitu ambacho hakikuwemo kabisa kwenye mpango wetu. Kuna mdudu wanamwita chonga, dume la kombamwiko ukilitazama vibaya, jeusi, lina pembe mbele. Anatoboa kilele cha mnazi ulio hai anakula majani machanga kabla hayajafunguka, mnazi unadhoofika na mwingine unakufa. Na pa kuzalia anapopapenda ni magogo ya minazi yaliyooza. Kwahiyo kila gogo lililoangushwa na Hidaya likiachwa miezi michache tu linakuwa nyumba ya chonga, na chonga wakitoka humo wanakwenda kwenye ile minne ya bibi iliyobaki. Yaani upepo umechukua saba na mdudu anakuja kumaliza hesabu.

Nikamuuliza bwana kilimo dawa ni nini, akasema dawa ni kuyaondoa magogo mapema, kuyapasua, kuyatumia, kuyachoma, basi. Kwakweli kuanzia hapo kasi ya kazi ilibadilika. Mwanzo tulikuwa tunachagua magogo mazuri ya kuchonga, sasa tukaanza kupasua hata mabaya, yasiyofaa kitu yanakatwa vipande na wenyewe wanayafanya kuni za kuchomea chokaa na matofali. Watu wa kijiji wakaanza kuja na mapanga na mashoka yao wenyewe.

Siku ya 4, Alhamisi

Leo mwembe. Mwembe mkubwa uliong'oka na mizizi yake kwenye uwanja wa nyumba, umeegemea kwenye mwembe mwenzake, na mti ulioegemea ni wa kuogopa kuliko uliolala chini maana hujui nguvu imejificha upande gani. Kijana wa chenso kaingia kutokea juu, gogo likajifunga likaubana upanga wa mashine, hautoki mbele hautoki nyuma. Tumehangaika saa nzima na kabari za mbao tukizigonga na nyundo taratibu, watu wote nimewaambia warudi nyuma, mpaka gogo lilipoachia likatoa mlio kama bunduki na shina likaruka juu futi mbili. Hakuna aliyeumia alhamdulillah. Hawa wazee wa huku wanajua, mmoja akasema mti wenye kisirani ulioshikiliwa ncha zote mbili unakatwa juu kidogo tu kwanza ndio umalizie kwa chini, na kweli magogo yote yaliyokaa namna hiyo tulifanya hivyo.

Mwembe mbao yake ni ya kijivu inayoelekea njano, laini kwa tezo, mtu aliyezoea mpingo anaona anachonga sabuni. Shina lenyewe hatukulichonga. Mwenye nalo akasema lile lina urefu wa mtumbwi, na mwembe ndio mti wa mtumbwi, mwanae alipoteza chombo usiku ule ule wa kimbunga. Tukasema sawa, chukua shina sisi tupe matawi. Tukamsaidia kuligeuza na kulifunika makuti lisipasuke na jua.

Usiku mwenzetu mmoja mikono imevimba na mapele, kumbe mchana alikuwa anasafisha matawi ya mkorosho bila glavu, utomvu wa mkorosho ni mkali mno na wa mwembe nao ni ndugu yake. Tumempaka mafuta ya nazi, kesho asichonge.

Siku ya 5, Ijumaa

Nusu siku. Wenzetu Waislamu watatu wameenda kuswali, sisi wengine tumekaa tunanoa. Baada ya swala wakarudi na mzee mmoja mrefu, mwembamba, miwani imefungwa na uzi, wakasema fundi huyu ndiye aliyetengeneza milango na marfaa za hapa, vile vibao vya kukunja vya kuwekea msahafu. Nilimwamkia, nikampa kigoda, akakataa kukaa akaomba kwanza aione kazi.

Alichukua kinyago nilichokuwa nachonga usiku kwa tawi la mwembe, kitu cha ujamaa, watu wamebebana, akakigeuza geuza akasema mkono wako mzuri kijana. Halafu akauliza taratibu, "Hiki nani wa hapa atakitumia?" Sikuwa na jibu. Akasema chuo cha Kurani paa liling'oka, mvua ikaingia siku mbili, marfaa nyingi ziliharibika, watoto wanaweka misahafu mapajani. Idi iko karibu na wamama hawana mbuzi wala vinu wala miko, vitu vya jikoni vya mbao ndio vilivyokwenda na kuta.

Tukabadilisha orodha hapo hapo. Vinyago vya kuuza Dar tutachonga Dar kwa mbao tutakazobeba. Hapa tunachonga vya hapa.

Siku ya 6, Jumamosi

Siku bora kuliko zote na nitaieleza kwa urefu.

Mzee fundi kaja saa moja asubuhi na ubao wa mfenesi, mfenesi wa jirani yake ulioangushwa, kaupasua mwenyewe kwa msumeno wa mkono. Mfenesi ukiupasua ni wa njano kama manjano yenyewe, halafu unakaa unageuka kahawia, na mchwa hawaupendi. Akasema marfaa ni ubao mmoja, hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna kipande cha pili. Mimi nimeziona marfaa maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza zinafungukaje.

Ubao una unene wa inchi moja na kitu. Katikati yake akapiga mistari miwili na penseli, kati ya ile mistari akagawa vidole vitano. Kisha kwa patasi nyembamba akaanza kuchimba, kidole cha kwanza anachimba kutokea juu mpaka nusu ya unene, anaugeuza ubao, cha pili anachimba kutokea chini mpaka nusu, cha tatu juu tena, hivyo hivyo, na kila kidole anakiviringa kama fundo la mkono. Hiyo ndio bawaba. Halafu akausimamisha ubao kwa ncha yake akaubana katikati ya magoti, akaanza kuupasua kwa ubapa, yaani anaufanya mmoja kuwa miwili, msumeno unashuka katikati ya unene polepole mpaka ufike kwenye vidole, anasimama, anageuza ncha ya pili, anashuka tena. Ilimchukua kama saa moja na nusu na hakusema neno. Mwisho akapuliza vumbi, akashika pande mbili, akavuta kidogo. Ubao ukalia kriii, ukafunguka, ukasimama kwa miguu minne.

Sisi watu wazima sita tulipiga makofi kama watoto.

Ya kwangu ya kwanza ilivunjika vidole viwili, nilichimba kupita nusu. Ya pili ilifunguka lakini ikawa inayumba. Mzee alinishika mkono, kiukweli alinishika mkono na patasi yake kama babu alivyonishika nikiwa na miaka tisa, akasema wewe unachonga kutoa umbo, hapa chonga kuacha nafasi. Ya tatu ikasimama. Mimi ni Mkatoliki na ndani ya ile marfaa nimeweka kila nilicho nacho, mzee aliichukua akaifuta kwa kanzu yake akaiweka kwenye zile za kupeleka chuoni, hakuitenga.

Jioni akatuonyesha kwamba mbuzi ya kukunja ni ndugu wa marfaa, mbao mbili moja imepita kwenye tumbo la mwenzake zinashikwa na kijiti, kichwani unachomeka chuma. Chuma tulichukua kwa mhunzi wa Kilindoni, anatumia springi za gari zilizokufa, meno anayakata kwa tupa jino moja moja.

Siku ya 7, Jumapili

Hasara ya leo ni kosa langu. Jana tulimaliza vinu vitatu vya mwembe, nikaviacha nje viote jua vikauke haraka maana tuna siku mbili tu. Mti mbichi hauanikwi juani na mimi hilo nimelijua tangu utotoni, haraka tu ndio iliyoniponza. Asubuhi viwili vimepasuka kutoka mdomoni mpaka chini, ufa unaingia kidole. Kimoja kilikuwa cha mama mjamzito aliyekuja jana yake kukishika na kukipima na mchi. Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwake kumwambia, akasema haya baba chonga kingine, lakini uso wake niliuona.

Nimekaa nacho siku nzima hicho kingine. Safari hii nilikata kipande ambacho kiini cha mti hakipiti katikati ya kinu, kwa sababu ufa unaanzia kwenye kiini, nikakichimba, sehemu za ncha nikazipaka rangi ya mafuta ili unyevu utoke taratibu, halafu nikakizika kwenye gunia la maranda yake mwenyewe kikae kivulini. Nimemwambia asikitumie mpaka baada ya Idi. Miko tumeichemsha kwenye sufuria kubwa, maji yakawa meusi kama kahawa, ikichemshwa inapasuka kidogo sana.

Leo usiku wazee wamekaa na sisi barazani wakizungumza kimbunga. Watu wa Dar wengi tunasema vimbunga sio vya kwetu, na ni kweli karibu na ikweta ni nadra maana mzunguko wa dunia hapa hauupi upepo nguvu ya kujisokota vizuri. Lakini Lindi kilipiga mwaka 1952, na Unguja kiliwahi kupiga Aprili 1872 kikang'oa mikarafuu na minazi mpaka Pemba ndio ikachukua nafasi ya kuwa kisiwa cha karafuu. Mzee fundi akasema baba wa babu yake alikuwa anahadithia kwamba mwaka ule majahazi yalitengenezwa mengi kwa sababu mbao zilijileta zenyewe.

Siku ya 8, Jumatatu

Kugawa. Tumetandika mikeka nje ya ofisi ya kijiji. Mbuzi ishirini na mbili, marfaa kumi na nne (tisa za mzee, tano zetu), vinu vinne, miko sikuhesabu, vigoda saba. Mwenyekiti alikuwa na orodha ya nyumba zilizoanguka kwahiyo hapakuwa na kugombania. Watoto wa chuo wamekuja wamebeba marfaa zao kichwani wakaondoka kwa mstari.

Mafundi wawili wa mashua wametoka kisiwa cha Jibondo kusikia kuna miti, hao hawakutaka magogo yaliyonyooka hata kidogo, walikuwa wanapita kwenye matawi tuliyoyatupa wakiokota yaliyopinda. Taruma, yaani ubavu wa chombo, ukilikata kwenye mti ulionyooka linavunjika, tawi lililopinda lenyewe nyuzi zake zimefuata mpindo. Wamejaza mkokoteni mzima wa vitu ambavyo sisi tuliviona kuni, na wenye miti wamelipwa.

Bibi nilimpelekea kigoda mwenyewe. Ni cha kipande kimoja, chini nimeacha makovu matatu ya majani bila kuyasawazisha, juu nimesugua kwa msasa mpaka ile mvua nyeusi ya mnazi ikatokea. Alikaa, akasogea sogea, akapapasa chini kwa vidole akayakuta yale makovu. Akayahesabu moja, mbili, tatu. Akasema, "Basi miezi mitatu nimeipata." Tukanywa chai.

Siku ya 9, Jumanne 11 Juni

Boti asubuhi. Tumebeba vipande arobaini vya mnazi na mwembe, ncha zote zimepakwa rangi, kila kipande kimeandikwa kwa makapeni jina la mwenye mti, barua ya kijiji na kibali cha misitu viko kwenye mfuko wa nailoni. Bahari imetulia leo. Bado bibi ana magogo mawili shambani hatukuwahi kuyapasua, chenso ilikata mnyororo jana mchana na wa akiba haukuwepo. Hilo limeniuma njia nzima mpaka Nyamisati.

Julai, Mwenge

Vipande vimekaa kivulini mwezi mzima, vitatu vimepata ukungu mweusi tukavitoa. Tumechonga mabakuli, trei, samaki, papa potwe wale wa Kilindoni ambao wageni wanawafahamu. Mnazi tumekubali sio wa sura za watu, nyuzi hazikupi jicho wala pua, ila kwa umbo kubwa laini ni mzuri mno, mnunuzi anapitisha kiganja mara mbili mbili. Kila kitu tumeweka kikaratasi kinachosema kimetoka kijiji gani na mti gani. Hela tunaziandika kwenye daftari moja na picha ya ukurasa inatumwa kwenye grupu kila Jumamosi pamoja na kwa mwenyekiti kule, hii tuliamua ili pasije pakaingia maneno.

Tarehe 9 Agosti

Bati za kwanza zimevuka jana, geji 28, za nyumba tatu, ya bibi ikiwemo. Amepiga simu kwa simu ya mjukuu wake, kaniuliza watoto hawajambo, kazi inaendaje, akanishukuru, halafu sauti ikabadilika. Anasema lile gogo la upande wa kisima uboho umeanza kuwa unga, na mjukuu kauona mdudu mweusi mwenye pembe anaingia.

Nimeshaongea na kijana wa chenso, mnyororo wa akiba tumenunua miwili. Tunapanda boti Jumatatu.